Mungu Hakuhama Ili Dunia Ipate Nafasi

Kwa muda mrefu imekuwa ikidaiwa kwamba Kabala, elimu ya siri ya Kiyahudi, inafundisha kuwa Mungu alijiondoa ulimwenguni na kuuacha ukiwa. Madai hayo yanatokana na neno la Kiebrania simsumu, yaani kujibana, ambalo Isaac Luria, mwalimu wa Kabala aliyefariki mjini Safed huko Galilaya mwaka 1572, alilipa uzito mkubwa. Luria mwenyewe aliandika machache mno. Mengi tunayoyajua yaliandikwa na wanafunzi wake, hasa Chaim Vital.

Wanasimulia kwamba nuru ya Asiye na Mwisho, yaani Mungu, ilijaza kila kitu, hivyo akaibana ili viumbe vipate pa kuwepo. Lakini nafasi hiyo haikubaki tupu kabisa. Ilibaki reshimu, alama ya nuru, inayofananishwa na utando wa mafuta ndani ya chupa iliyokwisha kumiminwa: ukiigusa, vidole bado vinateleza. Kisha mstari mwembamba wa nuru ukaingia humo. Sehemu hii, kwa maoni yangu, ndiyo inayosahauliwa mno, nayo ndiyo kiini cha fundisho lenyewe.

Ni kweli wako wanazuoni walioichukua simsumu kwa maana yake ya wazi. Rabi Shneur Zalman wa Liadi, katika kitabu chake kilichochapwa mwaka 1796, aliwapinga kwa hoja kwamba kilichofanyika ni nuru kufichwa mbele ya viumbe, wala si Mungu kuhama, kwa kuwa hakuna mahali asipokuwepo.