Umetoka Upasuaji? Uliza Umepewa Dawa Gani ya Kuondoa Ulegevu wa Misuli

Mama anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango anafanyiwa upasuaji, anaamka salama na kurudi nyumbani. Huenda hakuna aliyemwambia kwamba dawa moja aliyochomwa mwishoni inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vyake. Dawa hiyo ni sugamadeksi.

Katika upasuaji mwingi wa nusu kaputi, mgonjwa hupewa dawa ya kumlaza na nyingine ya kulegeza misuli, ili mpira wa kupumulia upite kooni na mpasuaji apate nafasi ya kufanya kazi. Hii ya pili hailazi mtu wala haiondoi maumivu. Inazuia tu amri ya neva isifike kwenye misuli, hata ile ya kupumua, na ndiyo maana mashine humpumulia.

Upasuaji ukiisha, ulegevu huo lazima uondoke. Mgonjwa anaweza kufumbua macho na kuitika jina lake ilhali koo bado ni dhaifu. Mpira ukitolewa hapo, hupaliwa na mate au njia ya hewa huziba. Kumwambia ainue kichwa kwa sekunde 5 ni kipimo kinachodanganya. Afadhali kifaa kinachoshtua neva ya mkono mara 4 mfululizo: mshtuko wa nne wa msuli ukifikia asilimia 90 ya ule wa kwanza, mpira unaweza kutolewa.

Dawa za kuondoa ulegevu huo ni mbili. Neostigimini ni ya miaka mingi na bei yake ni nafuu. Hupunguza mapigo ya moyo na kuzidisha mate, kwa hiyo huambatana na atropini, dawa ya kuzuia madhara hayo, au dawa ya jamii yake. Ulegevu ukiwa mzito, kuongeza dozi hakusaidii, inabidi kungoja.

Sugamadeksi, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2008 na Marekani mwaka 2015, huizingira dawa ya kulegeza misuli iitwayo rokuroniamu, au mwenzake vekuroniamu, ndani ya damu na kuitoa kazini kwa dakika chache. Haina nguvu juu ya suksamethoniamu, dawa nyingine ya kulegeza misuli. Mara chache huleta mzio mkali au kushusha mapigo ya moyo, hivyo mgonjwa hukaa chini ya uangalizi.

Umbo la rokuroniamu linafanana kiasi na la homoni za uzazi wa mpango, kwa hiyo sugamadeksi huzikamata nazo. Hesabu kama umeruka kidonge cha siku hiyo. Awe anatumia vidonge, sindano au kijiti, mwanamke aongeze kondomu kwa siku 7. Ushauri huu ungepaswa kuandikwa kwenye karatasi ya kuruhusiwa, usipouona, uliza.

Kabla ya upasuaji, mweleze daktari wa usingizi kuhusu mzio, pumu, ugonjwa wa figo, na kama kuna ndugu aliyechelewa sana kupumua mwenyewe baada ya nusu kaputi. Na ukiwa wodini ukaona vitu viwili viwili, ukashindwa kumeza mate au kuvuta pumzi vizuri, usidhani ni uchovu. Mwite nesi papo hapo.