Selimundu kutibiwa kwa kirusi cha UKIMWI? Maswali ya wazazi Mwanza

Huku Kanda ya Ziwa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, inazijua nyumba nyingi, hivyo habari kwamba huko Marekani inatibiwa "kwa virusi vya UKIMWI" imezua maswali.

Ni kweli?
Nusu. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha Lyfgenia, tiba inayopeleka ndani ya seli jeni isiyo na kasoro ya himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni, ambayo kwa wenye selimundu ina hitilafu) kwa kibebeo kilichotokana na VVU, kirusi kinacholeta UKIMWI. UKIMWI haumo.

Kirusi hicho kimeumbwaje?
VVU ni retrovirusi, aina ya kirusi kinachojichomeka kwenye jeni za seli. Nje kina utando wa mafuta kilioupora kwenye seli kilikozaliwa, umechomoza protini za kujishikiza kwa seli nyingine. Ndani kuna ganda la protini lenye nyuzi mbili za RNA (maagizo ya jeni za kirusi) na vimeng'enya, yaani protini za kufanya kazi. Kimoja kinanakili RNA kuwa DNA, kinyume na mwendo wa kawaida wa seli. Kingine kinaichomeka DNA hiyo ndani ya DNA yetu, yaani ndani ya jeni zetu. Ndiyo maana dawa za kufubaza hazikimalizi. Na ndicho mtaalamu anachokitamani: jeni ikichomekwa, seli ikigawanyika inairithisha.

Makali yanatolewaje?
Jeni za kuzalisha virusi vipya zinaondolewa, jeni ya tiba inapakiwa. Chukua mtumbwi wa kokoro, wavu wa kuvulia samaki, pale mwaloni Igombe: teremsha kokoro, pakia mahindi, utaelea vilevile. Kibebeo kinaingia kwenye seli mara moja tu, kuzaana hakiwezi.

Mtoto anachomwa sindano ya kirusi?
Hapana. Seli shina za damu, yaani seli mama zinazozalisha damu, zinatolewa mwilini, zinawekewa jeni maabara. Kisha mgonjwa anapewa kemotherapia kali kuondoa seli za zamani kwenye uboho (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu), ndipo anarudishiwa seli zake kwa dripu. Si kazi ya siku moja, na idhini ni kuanzia miaka 12.

Hatari?
Zipo. Katika majaribio yaliyoanza Ufaransa mwaka 1999 kwa watoto waliozaliwa bila kinga, jeni ilijichomeka jirani na jeni inayoweza kuchochea saratani. Baadhi yao wakaugua saratani ya damu. Kibebeo kile kilitokana na kirusi cha panya. Vibebeo vya sasa vimeboreshwa, lakini hata Lyfgenia ina onyo la saratani ya damu.

Hospitali ya Bugando hapa Mwanza tutaipata?
Kwa sasa hapana. Ilitangazwa kwa dola milioni 3.1, zaidi ya shilingi bilioni 7! Dawa ya haidroksiurea ipo, na inapunguza maumivu na haja ya kuongezewa damu. Mtoto aliyeandikiwa asiiache akisubiri tiba ya jeni. Na anayekuuzia "sindano ya jeni" kwa laki tano, mkimbie.