Kutu haiui plau

Huku Tanga, anayetafuta plau ya visahani iliyotumika hukimbia kutu, akavutwa na rangi mpya. Afadhali angefanya kinyume. Kwa chumvi hii ya bahari, chuma kikilala nje hushika kutu upesi. Kutu ya juujuu kwenye visahani, yale maduara ya chuma yanayokata ardhi, itasuguliwa na udongo wenyewe. Rangi mbichi ndiyo ya kutilia shaka, maana hufunika ufa uliochomelewa juzi. Tikisa kila kisahani: kikicheza, huenda beringi zimekwisha. Hubadilishwa, ila bei ishuke. Kisha pima pini za chini, zile zinazounganisha plau na mikono ya trekta. Trekta ndogo nyingi hutumia za milimita 22, kubwa zaidi 28. Fundi atakubadilishia pini. Uzito hatakupunguzia, na plau ikizidi, trekta huinua pua.