Huruma haihitajiki, mama

Wiki hii tena. Mama kaingia ofisini kwetu Urambo, Tanzania, mjukuu mgongoni, na nyuma yake binti aliyeachia kidato cha pili. Sijafungua hata daftari, ananiambia: "Najua sheria inakataza aliyepata mimba kurudi shule, nimekuja kuomba huruma tu."

Sheria haikatazi! Kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi zilitaja kosa la maadili, na kufunga ndoa. Neno mimba halikuandikwa. Sisi watu wazima, walimu, bodi za shule na wanasiasa, ndio tuliosoma "kosa la maadili" tukaelewa mimba, mpaka watu wakaamini imeandikwa. Kosa ni kitendo. Binti aliyebakwa akitoka shule katenda nini? Tena tangu 2016 Sheria ya Elimu inamfunga miaka 30 anayempa mimba mwanafunzi. Mahakamani binti huyohuyo ni shahidi aliyedhulumiwa, akifika getini kwa shule ni mkosaji.

Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021 ulisema wasichana waliokatishwa masomo kwa mimba warudi shule. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mtoto. Hapo sina la kuongeza.

Kinachoniumiza ni rejesta. Ya darasa lake niliiona: jina limepigwa mstari kwa wino mwekundu, pembeni limeandikwa "mtoro". Barua ya kufukuzwa hakuna, na bila barua mzazi hana cha kukatia rufaa. Kwa hiyo, wazazi, msiende kuongea kwa mdomo. Pelekeni barua, nakala yenu igongwe mhuri, mkuu wa shule ajibu kwa maandishi kwa nini hampokei. Wengi wakiombwa kuandika, wanampokea mtoto. Asipojibu, afisa elimu sekondari wa wilaya. Naye akinyamaza, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Lakini waraka unanitia wasiwasi. Mlango uliofunguliwa kwa waraka unaweza kufungwa kwa waraka mwingine. Na kuna binti niliyempigania akarudi, saa nne shati lake likalowa maziwa mbele ya darasa, mtoto yuko nyumbani kilomita kadhaa. Siku ile nilijiuliza kama nimemsaidia.

Barua ya juzi binti aliiandika mwenyewe, kalamu yangu, meza yangu. Alipofika mwisho, chini ya jina lake, akasita. Akauliza aandike "mwanafunzi" au "aliyekuwa mwanafunzi".

Mwanafunzi, nikamwambia.