Kazi ya kwanza na sharti la "uzoefu wa miaka miwili"

Katika ushauri wa ajira, swali tunaloulizwa kuliko mengine yote na wahitimu ni hili: nitaupata wapi uzoefu iwapo kila kazi inadai uzoefu? Mtu anafungua tangazo linalosema wazi kuwa ni la wanaoanza, anashuka mistari michache, anakutana na "uzoefu wa miaka miwili". Wengi huacha kuomba hapo hapo. Mara nyingi wanawahi kukata tamaa.

Masharti ya tangazo hayana uzito sawa. Yapo yasiyo na mjadala, kama leseni ya uuguzi au usajili wa bodi ya taaluma. Kama huna, tafuta tangazo jingine. Miaka ya uzoefu katika kazi ya ngazi ya chini ni jambo tofauti. Hapo mwajiri anaweka chujio. Anahofia kumlipa mtu mshahara huku akimfundisha kufika kwa wakati, kumjibu mteja kwa adabu, kumaliza kazi bila kusukumwa na kutoa taarifa mapema mambo yanapokwama. "Miaka miwili" ni njia yake ya mkato ya kuuliza hayo yote. Si kila mwajiri atalegeza sharti hilo, lakini wapo wanaolegeza wakiona ushahidi mwingine.

Na ushahidi huo wahitimu wengi wanao, ila wanaufukia wenyewe. Wasifu unasema: "Mafunzo kwa vitendo, idara ya uhasibu, miezi miwili." Basi. Ulifanya nini humo? Ukiandika kwamba kila wiki ulilinganisha stakabadhi na taarifa ya benki, kisha ukamwandalia mhasibu orodha ya tofauti ulizoziona, msomaji anakuona ukiwa kazini. Aliyekuwa mweka hazina wa chama cha wanafunzi ameshika fedha za watu na kuzitolea hesabu. Hilo nalo ni kazi, hata kama hakulipwa. Usitie chumvi tu, maana msaili akichimba kidogo utakwama. Na ile sentensi ya "mimi ni mchapakazi ninayejituma" ifute, kwa kuwa imo katika nusu ya maombi yaliyo mezani kwake.

Suala la pili ni mahali habari za kazi zinakotoka. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alieleza kwamba katika watu aliowachunguza waliopata kazi kupitia mtu fulani, wengi walisaidiwa na mtu wanayeonana naye mara moja moja au kwa nadra. Rafiki wa karibu anajua yale yale unayoyajua wewe. Mtu wa mbali kidogo anaishi kwenye habari nyingine. Kwa hiyo mkumbuke msimamizi wako wa mafunzo, na yule aliyekutangulia chuoni. Usimwandikie "naomba unitafutie kazi", kwa sababu umemtwika mzigo asioweza kuubeba. Muulize jambo analoweza kulijibu kwa dakika mbili: idara yenu huajiri wanaoanza kipindi gani, na hutazama nini kwanza?

Vipi ikiwa kazi iliyopatikana ni ndogo kuliko cheti? Utafiti wa Philip Oreopoulos, Till von Wachter na Andrew Heisz, uliochapishwa 2012, uliwafuatilia wahitimu wa Kanada walioingia kazini uchumi ukiwa umedorora. Kipato chao kilianza kikiwa chini kwa takriban asilimia 9, pengo likapungua hadi nusu ndani ya miaka mitano, na kufutika baada ya miaka kumi hivi. Sehemu ya nafuu hiyo ilitokana na kuhama kwenda kwa waajiri bora. Ndiyo maana, kati ya nafasi mbili zenye mishahara inayokaribiana, mimi ningechagua ile yenye msimamizi anayefundisha, kwani huko ndiko utakakopata cha kuhama nacho. Lakini kujitolea bila malipo, bila mkataba na bila tarehe ya mwisho siungi mkono. Mwajiri anayekuhitaji mwaka mzima ana kazi ya kulipia.

Mwisho ni ulaghai, ambao huwaandama zaidi wenye haraka ya kuajiriwa. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mtafuta kazi ada, isipokuwa kwa hali chache zilizoruhusiwa rasmi. Si kila nchi imeuridhia, hata hivyo kanuni yenyewe inatosha kukuzindua unapoambiwa utume "ada ya fomu" au "gharama ya mafunzo" ndipo upewe barua ya ajira. Kabla ya kutuma chochote, tafuta namba ya simu kwenye tovuti rasmi ya kampuni, si ile iliyo ndani ya ujumbe uliotumiwa, upige na kuuliza kama nafasi hiyo ipo.