"Simwajiri, Namsaidia Tu": Dhana Potofu Kuhusu Utumikishwaji wa Watoto

Wiki hii nimeisikia tena ofisini, mara mbili. Binti wa miaka 12 ameletwa Dar es Salaam kutoka kijijini. Anaamka saa 11 alfajiri, anafua, anapika, anabeba mtoto mchanga mgongoni, shule hana. Mama mwenye nyumba ananiambia kwa utulivu kabisa: "Huyu simwajiri, namsaidia tu. Anakula, anavaa, analala pazuri kuliko kwao." Katika kazi hii ya ustawi wa jamii hakuna kauli inayonichosha kama hiyo, maana anayeisema huwa anaiamini kwa dhati.

Si kauli mpya. Mwishoni mwa karne ya 18, viwanda vya pamba vya Uingereza vilichukua yatima kutoka parokia za London na kuwaita wanagenzi. Walipewa chakula, nguo na pa kulala badala ya mshahara, na hilo likahesabiwa kuwa ni wema. Sheria ya kwanza ya kuwalinda, ya mwaka 1802, ilipelekwa bungeni na Robert Peel, naye mwenyewe akiwa mwenye viwanda vya pamba. Iliweka ukomo wa saa 12 kwa siku. Ila ukaguzi wakaachiwa watu wasiolipwa, walioteuliwa na mahakimu wa eneo lilelile, na sheria ikabaki kwenye karatasi. Wakaguzi wa serikali waliwekwa na sheria ya 1833: wanne tu, nchi nzima.

Kwetu mkaguzi hafiki jikoni kwa mtu, ndiyo maana neno "namsaidia" linadumu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haijali unamwita nani. Chini ya miaka 14 haajiriwi. Kazi ikizidi saa 6 kwa siku, ikimharibia afya au makuzi, isipolingana na umri wake, au ujira wake ukiwa duni, huo ni unyonyaji. Kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi hafanyishwi kazi. Mimi siulizi anakula nini. Nauliza yuko darasa la ngapi na mwalimu wake anaitwa nani. Kama kweli unamsaidia, sare yake inakauka kambani pamoja na za wanao.

"Umri anao, umbo tu ndilo dogo." Lete cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki au rejesta ya shule. Uingereza ilianza kusajili vizazi kitaifa mwaka 1837. Kabla ya hapo umri wa mtoto kiwandani ulikisiwa kwa kimo na meno. Sisi hatuna sababu ya kukisia.

"Siku hizi hata kuosha vyombo ni kosa." Hapana. Kufagia uwanja, kuchota maji, kumsaidia bibi kupalilia baada ya masomo ni malezi. Na aliyefikisha miaka 14 anaruhusiwa kazi nyepesi isiyomkosesha shule.

"Umaskini uishe kwanza, watoto wataacha kazi wenyewe." Tanzania ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2001. Kenya ilipofuta Januari 2003, zaidi ya watoto milioni 1 wa ziada waliingia darasani mwaka uleule, na wazazi wao walikuwa maskini kama walivyokuwa Desemba.