Aliyechekwa kwa kusema “Heineken” ndiye aliyepatia

Jioni moja pale Shangani, Mtwara, msimu wa minada ya korosho umechangamka, dada mhudumu alimwinamia mteja akamuuliza, “Kaka, Heineken yako ya baridi au ya moto?” Alilitamka jina kama lilivyoandikwa, kila irabu na sauti yake. Mteja, mgeni wa kutoka Dar es Salaam, akacheka mpaka meza ya jirani ikageuka. “Sema Hainiken, dada. Huku hamsomi?” Usiku ule mzima yule dada hakutaja tena jina la bia. Akiulizwa kuna bia gani, ananyoosha kidole kwenye friji.

Mimi nilikuwa kaunta. Pombe situmii, lakini majina yale nimeyatoa na kuyaandika kwenye daftari miaka sita, na kilichoniuma ni kwamba aliyechekwa ndiye aliyekuwa karibu na ukweli.

Dhana: matamshi ya Kiingereza ndiyo matamshi sahihi

Hii ndiyo mama wa dhana zote. Heineken si neno la Kiingereza. Ni jina la ukoo wa Gerard Adriaan Heineken, Mholanzi aliyenunua kiwanda cha bia Amsterdam mwaka 1864. Kwa Kiholanzi ile “ei” inakaribiana na “ei” ya neno letu “bei”. Uzito unawekwa mwanzoni, HEI-neken, irabu zinazofuata zinapita kwa wepesi, na “n” ya mwisho mara nyingi haisikiki. Kwa hiyo dada wa Shangani alichokosa ni mahali pa kuweka uzito tu. “Hai” ya yule mgeni ni ya Waingereza, nao wameikopa kama sisi tulivyoikopa.

Windhoek inaonyesha jambo hilohilo, na hii ni ya Afrika hasa, imepewa jina la mji mkuu wa Namibia. Watu wengi mezani husema “Windohoki”, wengine “Windhok”, na wanaojiona wajuzi husema “Windho-ek”. Jina ni la Kiafrikana. Katika lugha hiyo “w” husomwa “v”, “d” ya mwisho wa silabi hugeuka “t”, na “oe” ni “u” moja tu. Ukiunganisha unapata Vint-huk. Wajerumani walipoitawala nchi ile, hadi mwaka 1915, waliuandika mji huo Windhuk, kwa hiyo hata wao “u” waliisikia. Mara ya kwanza nilipomtamkia hivyo mteja alidhani namletea kinywaji kingine, ikabidi nimwonyeshe chupa.

Dhana: bia ya Ubelgiji husomwa Kifaransa

Stella Artois imewafundisha watu hivyo. Artois ni jina la ukoo la Kifaransa, linatamkwa “Artwa”, “s” haisikiki. Ni jina la Sebastian Artois, aliyekinunua kiwanda cha Leuven mwaka 1717. Mpaka hapo ni sawa. Lakini Leuven kwenyewe watu huzungumza Kiholanzi, na kijiji cha Hoegaarden, kisicho mbali na hapo, vilevile. Ukiisoma Hoegaarden kwa Kifaransa umepotea, na ukiisoma kwa Kiingereza, “Hogaden”, umepotea pia.

Hapa Mswahili ana mtaji ambao Mwingereza hana. “Oe” ni “u”, tumeshaiona kwenye Windhoek. “G” yake si ya “gari”. Ni jirani wa “gh” yetu, ile ya ghafla, ya ghali, ya ghala. Mtu wa Lindi au Mtwara anayetaja stakabadhi ghalani kila msimu wa korosho ana sauti hiyo tayari kooni mwake. Sema Hu-ghaar-den, ilainishe “gh” kidogo, na Mbelgiji atageuka kukuangalia. Nimeliona hilo kwa macho yangu: mgeni aliyekuja na watu wa shughuli za gesi aliomba nirudie mara mbili, kisha akaniuliza nimejifunzia wapi.

Na kwa kuwa tumetaja ghala: “lager” iliyoandikwa kwenye nusu ya chupa za friji ni neno la Kijerumani lenye maana hiyohiyo, ghala, mahali pa kuhifadhia. Bia ya aina hiyo huhifadhiwa kwenye baridi kwa wiki kadhaa kabla ya kunywewa. Tamka “laaga”, na “g” ya gari. “Laja” haimo katika lugha yoyote kati ya hizi.

Guinness haina mengi: ni “Ginis”. Ile “u” haitamkwi, ipo tu kuilinda “g” isigeuke “j”, kama katika neno la Kiingereza ambalo sisi tumelifanya “gita”.

Dhana: kila jina lina tamko moja tu sahihi

Budweiser inakataa. Kuna mji nchini Czech ambao Wajerumani huuita Budweis, na “-er” ya mwisho inafanya kazi ya “ya” yetu: bia ya Budweis. Vivyo hivyo Pilsner ni ya Plzeň, mji ilikopikwa bia ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1842. Kijerumani husema “Budvaiza”. Lakini kampuni ya Marekani ilianza kuuza bia kwa jina hilohilo mwaka 1876, na Wamarekani husema “Badwaiza”. Chupa ya Marekani mkononi, “Badwaiza” ni halali kabisa. Chupa ya Czech, ni “Budvaiza”. Kwanza soma lebo, ndipo umkosoe mtu, kama ni lazima umkosoe.

Dhana: kuliswahilisha jina ni ushamba

Hii ndiyo inayowafanya wahudumu wetu wanyamaze. Lugha yoyote inayopokea jina hulivalisha sauti zake. Mtaliano huita London “Londra”, Mjerumani huita Milano “Mailand”, na hakuna anayewauliza kama wamesoma. Mtu wa Mikindani akisema “niletee Ginesi mbili” amezungumza Kiswahili, na Kiswahili hupenda neno liishie na irabu. Tamko la asili lina thamani yake, na ndiyo maana nimeandika haya yote, lakini ni maarifa ya kupeana kwa upole. Mgeni akifika stendi ya Lindi akasema “Ngapa”, kama anauliza bei, tunamwonyesha gari la Ng'apa, kisha tunamsemesha taratibu mpaka ile “ng'” itoke.

Peroni ya Italia haihitaji somo. Kitaliano mara nyingi huweka uzito kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama sisi. Pe-RO-ni, tamka kana kwamba bibi yako ndiye aliyeipa jina.

Yule dada nilimwandikia majina kumi kwenye karatasi ya kreti, kwa herufi za Kiswahili, akaibandika ndani ya mlango wa friji. Na utaratibu tulioukubali kaunta ni huu: mteja akitaja jina, lirudie kama alivyolitaja yeye, lete chupa, mgeuzie lebo, akitikisa kichwa kukubali ndipo ufungue.